Wajerumani Wanachimba, Basi Nasi Tuchimbe?

Mjadala wa umeme ukifika kwenye makaa ya mawe, iwe bungeni, redioni au barazani, kuna hoja moja isiyokosa msemaji. Wajerumani wenyewe wanachimba. Wana viwanda, magari na treni ambazo sisi tunaziona kwenye picha, na bado wanavunja vijiji vyao ili wapate makaa ya kuchoma. Sisi ni nani hata tuambiwe tuyaache ya kwetu ardhini? Hoja hiyo ikishatolewa, upande wa pili hunyamaza. Haifai kunyamaza. Hoja hii ni dhaifu, na udhaifu wake unaonekana wazi zaidi palepale inapodai kupata nguvu: kwenye mashimo ya Garzweiler na Hambach, magharibi mwa jiji la Köln.

Nianze na lile ambalo wenye hoja hii wanalo la haki, kwa sababu hasira yao naielewa. Januari 2023 polisi wa Ujerumani waliwaondoa kwa nguvu mamia ya wanaharakati waliokuwa wamejifungia katika kijiji cha Lützerath, ili kampuni ya RWE iupanue mgodi wake wa Garzweiler. Makubaliano yaliyoruhusu hilo yalisainiwa na mawaziri wa chama cha Kijani. Mwaka uliotangulia, vita vya Ukraine vilipoivuruga gesi ya Urusi, wanunuzi wa Ulaya walikuja hadi kwetu, na makaa ya Ruvuma yakapakiwa melini Mtwara kwenda kwao. Miezi minne baada ya Lützerath, Kansela Olaf Scholz alikuwa Naivasha, akitembelea visima vya mvuke vya Olkaria na kuisifu Kenya kwa umeme wake safi. Mtu akiyaweka mambo hayo sambamba akasema kuna unafiki, sina la kumpinga.

Lakini unafiki wa jirani haugeuki kuwa hekima kwetu. Anayesema "wao wanachimba" ameliona shimo tu. Hajauliza nani amelilipia, kwa muda gani, na wenyewe wanajisikiaje leo. Tukiuliza hayo, mgodi huo unatoa ushahidi dhidi ya wale wanaoutaja.

Makaa ya Garzweiler si meusi na magumu kama yale ya Ruvuma. Ni makaa ya kahawia, ligniti, machanga kwa umri wa kijiolojia, laini, na nusu ya uzito wake au zaidi ni maji. Kilo moja hutoa takriban theluthi ya joto la kilo moja ya makaa meusi yaliyo bora. Kwa hiyo hayauziki mbali, maana kuyasafirisha ni kusafirisha maji. Ndiyo sababu vituo vya kufua umeme vya Neurath, Niederaußem na Weisweiler vimejengwa karibu na mashimo, vikipelekewa makaa kwa mikanda na kwa reli ambayo ni mali ya kampuni yenyewe. Kwa makadirio ya jumla, kilo moja ya ligniti inafua uniti moja ya umeme, na uniti hiyo moja inaacha angani kama kilo nzima ya hewa ukaa. Makaa meusi yenyewe, ambayo hakuna anayeyaita masafi, hayafiki hapo.

Ili kuyapata, kwanza huondolewa kila kilicho juu yake. Kwa kila tani ya makaa, mita za ujazo tano na zaidi za udongo, mchanga na changarawe huhamishwa. Kazi hiyo hufanywa na mashine zenye gurudumu la ndoo. Mojawapo, Bagger 288, iliyotengenezwa na Krupp na kukamilika mwaka 1978, ina uzito wa tani 13,500 na uwezo wa kuchimba mita za ujazo 240,000 kwa siku. Mwaka 2001 ilitembezwa kilomita 22 kutoka Hambach hadi Garzweiler, safari ya wiki tatu, ikavuka mto Erft na barabara kuu. Watu husimulia safari hiyo kwa kuustaajabia uhandisi. Mimi naona jambo jingine humo: chombo cha namna hiyo kikishanunuliwa, maamuzi yanaanza kufanywa kwa ajili yake. Mwaka 1995 serikali ya jimbo la Rhine Kaskazini-Westfalia iliidhinisha Garzweiler II. Mwaka 2012 vinu viwili vipya vilizinduliwa Neurath kwa gharama ya takriban euro bilioni 2.6. Vinu vipya vinahitaji makaa ya miongo kadhaa, makaa hayo yako upande wa magharibi wa shimo, na magharibi kulikuwa na vijiji. Hakuna siku ambayo mtu alisimama akawauliza Wajerumani kama wako tayari kuipoteza Lützerath au Immerath kwa ajili ya umeme wa mwaka 2023. Jibu lilikuwa limeshatolewa miaka ishirini na minane nyuma, kwenye mhuri wa idhini.

Wanasema makaa haya ni rahisi. Hii ndiyo nguzo ya hoja nzima, nami nitakaa hapa zaidi kuliko kwingine. Ni kweli kwamba gharama ya kuichimba tani moja na kuifikisha kwenye tanuri ni ndogo. RWE haiagizi chochote kutoka ng'ambo na haimlipi mwenye meli. Lakini bei inayosomwa kwenye kitabu cha kampuni ni ile tu ambayo kampuni imelazimishwa kuilipa, na kwa muda mrefu sheria ya Ujerumani haikuilazimisha kulipa mengi.

Tazama ardhi. Sheria ya madini ya mwaka 1980 inaruhusu mtu kunyang'anywa nyumba na shamba, kwa fidia, pale uchimbaji unapohesabiwa kuwa ni kwa manufaa ya umma. Katika eneo la Rhine zaidi ya watu 40,000 wamehamishwa tangu uchimbaji mkubwa uanze. Otzenrath, Borschemich, Pesch na Immerath hazipo tena mahali pake. Immerath ilikuwa na kanisa la minara miwili, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19, ambalo watu wa huko kwa mapenzi waliliita kanisa kuu ingawa lilikuwa la kijiji. Lilivunjwa Januari 2018. Makaburi yalifukuliwa na marehemu wakazikwa upya katika Immerath mpya, kijiji cha nyumba za kisasa kilichopewa jina lile lile. Fidia ililipwa, tena kwa viwango ambavyo mkulima wa kwetu hawezi hata kuviota. Hata hivyo, kijiji cha Keyenberg kinatufundisha fidia hiyo ina thamani gani. Kilikuwa kimepangiwa kuvunjwa, na wakazi wengi wakauza na kuhama. Oktoba 2022 serikali na RWE wakatangaza kwamba Keyenberg na vijiji vinne jirani havitavunjwa kamwe, kwa kuwa makaa yaliyo chini yake hayahitajiki tena. Kijiji kiliokolewa wenyewe wakiwa wameshaondoka.

Udongo uliochimbuliwa pale si udongo wa kawaida. Ni vumbi laini lililopeperushwa na upepo katika enzi ya barafu, miongoni mwa udongo wenye rutuba kuliko wote Ujerumani, wa ngano na viazisukari. Mkulima wa mwisho wa Lützerath alipigana mahakamani hadi akashindwa mwaka 2022, ndipo akauza.

Kisha kuna maji, na hapa ndipo neno rahisi linapopoteza maana kabisa. Huwezi kuchimba shimo la mita 200, au karibu mita 400 kama Hambach, katika nchi yenye maji mengi chini ya ardhi bila shimo hilo kujaa. Kwa hiyo kuzunguka migodi kuna mamia ya visima vyenye pampu zinazofanya kazi usiku na mchana, mwaka hadi mwaka, kuyashusha maji hadi chini ya sakafu ya mgodi. Kwa muda mrefu migodi mitatu ya eneo hilo imevuta kiasi cha mita za ujazo nusu bilioni kwa mwaka. Kushuka huko hakukomei ukingoni mwa shimo, kwa sababu maji ya ardhini hayajui mpaka wa leseni. Chemchemi na ardhi oevu zilizo kilomita nyingi kaskazini, kuelekea mpaka wa Uholanzi, zingekauka kama kampuni isingekuwa inayarudisha maji ardhini kwa mabomba na visima vya kupenyezea. Yaani pampu moja inayavuta maji, na nyingine inayarudisha pembeni ili msitu usife.

Uchimbaji ukikoma, pampu hazizimwi siku hiyo hiyo. Mpango ni kulijaza shimo la Hambach kwa maji ya mto Rhine yatakayoletwa kwa bomba la zaidi ya kilomita arobaini, kuanzia mwaka 2030, na kazi hiyo inatarajiwa kuchukua kama miaka arobaini. Litakuwa ziwa la pili kwa wingi wa maji Ujerumani baada ya Bodensee. Mtoto anayezaliwa leo katika wilaya ya Düren atakuwa mtu mzima mwenye watoto siku shimo hilo litakapojaa, na maisha yake yote litakuwa linahitaji mlinzi, fundi na bajeti. Tena Rhine si mto wa kuahidiwa. Agosti 2022 ulipungua hadi meli za mizigo zikapunguza shehena ili zisikwame. Ujerumani imeweka dhamana ya karne nzima juu ya mto ambao tabianchi inaubadilisha, na sehemu ya mabadiliko hayo yametoka kwenye dohani za Neurath.

Najua jibu litakalotolewa hapa: ardhi hurejeshwa. Wenye kampuni wataonyesha kilima cha Sophienhöhe, kilichorundikwa kwa udongo wa Hambach hadi kufika kama mita 200 juu ya mashamba, sasa kina msitu na njia za matembezi. Kipo, na waliokipanda miti walifanya kazi nzuri. Lakini anayetaka kujua urejeshaji ni nini na asiishie Sophienhöhe. Aende mashariki, kwenye mashimo yaliyoachwa na Ujerumani ya kikomunisti, ambayo katika miaka ya 1980 ilikuwa ikichimba zaidi ya tani milioni 300 za ligniti kwa mwaka. Julai 2009, katika kijiji cha Nachterstedt, ukingo wa shimo la zamani lililokuwa likijazwa maji uliporomoka alfajiri na kuzifagilia nyumba hadi ziwani. Watu watatu walikufa. Katika eneo la Lausitz, mto Spree unabeba kutu ya chuma inayochirizika kutoka kwenye udongo uliogeuzwa, maji yakawa na rangi ya chai, na salfati yake inawasumbua wasambazaji wa maji ya kunywa hadi Berlin. Tangu Ujerumani iungane, zaidi ya euro bilioni kumi za walipa kodi zimetumika kuyatuliza mashimo hayo, na kazi haijaisha. Kampuni iliyoyachimba ilikuwa ya dola ambayo haipo tena. Hilo liwe funzo kwa kila anayesaini mkataba wa mgodi akiamini kwamba mchimbaji atakuwepo siku ya kufagia.

Gharama nyingine ni ya moshi. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulianzisha soko la vibali vya hewa ukaa. Miaka ya mwanzo wafua umeme walipewa vibali vingi bure, na ligniti ikaendelea kuonekana rahisi. Kuanzia 2013 wakaanza kuvinunua. Mwanzoni mwa 2023 kibali cha tani moja kilifika karibu euro 100, na kwa kuwa uniti elfu moja za umeme wa ligniti hutoa takriban tani moja, kila mtu anaweza kuifanya hesabu hiyo mwenyewe. Kilichobadilika ni kwamba moshi ulianza kulipiwa. Makaa na mashine vilibaki vilevile, na sifa ya urahisi ikaanza kuporomoka. Juu ya hayo, sheria ya mwaka 2020 ya kuachana na makaa iliitengea RWE fidia ya euro bilioni 2.6, na maeneo ya makaa yakaahidiwa hadi euro bilioni 40 ili yajenge uchumi mwingine. Nishati inayohitaji mabilioni ili ianze na mabilioni mengine ili iache haistahili kuitwa ya bei nafuu.

Wengine huacha habari ya bei na kushika ya usalama. Bila makaa haya, wanasema, taa zingezimika, hasa baada ya Ujerumani kuvifunga vinu vyake vitatu vya mwisho vya nyuklia Aprili 2023. Nakubali kwamba kuvifunga vinu hivyo katikati ya msukosuko wa gesi, huku ligniti ikiendelea kuchomwa, kulikuwa na mpangilio uliogeuzwa. Kama kilikuwapo cha kuanza kuzimwa, kilikuwa kile kichafu zaidi. Lakini tutazame kilichotokea. Kati ya 2022 na 2023 umeme wa ligniti Ujerumani ulipungua kwa zaidi ya robo, ukashuka hadi kiwango ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960. Ndiyo, mwaka 2023 Ujerumani ilinunua nje umeme mwingi kuliko iliouza, kwa sababu kwa saa nyingi ule wa majirani ulikuwa nafuu kuliko wa kuchoma ligniti na kulipia moshi wake. Taa hazikuzimika. Lützerath ilivunjwa kwa jina la dharura, na mwaka uleule dharura ikapungua.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 RWE ilisisitiza kwamba lazima ikate kile kilichobaki cha msitu wa kale wa Hambach, la sivyo vituo vitakosa makaa. Polisi walipelekwa kwa maelfu kuvunja nyumba ambazo wanaharakati walikuwa wamezijenga juu ya miti. Mwandishi wa habari kijana alianguka kutoka juu akafa. Oktoba mwaka huo mahakama ya juu ya utawala ya Münster ikasimamisha ukataji. Msitu bado upo na umeme haukukatika. Baadaye, mwaka 2021, mahakama ya Köln iliamua kwamba hata ule uondoaji wenyewe haukuwa halali, kwani kisingizio cha usalama wa moto kilikuwa cha kufunika lengo jingine. Na mpango wa Garzweiler II, uliotangazwa kuwa wa lazima hadi tani ya mwisho, umepunguzwa zaidi ya mara moja. Makubaliano ya 2022 peke yake yaliacha ardhini tani milioni 280. Kila mara neno lazima lilipopimwa, lilionekana kuwa lilimaanisha lazima kwa kampuni.

Habari ya ajira naipita upesi, si kwa kuwadharau wachimbaji, bali kwa sababu hesabu yake ni fupi. Mgodi wa mashine za tani 13,500 umebuniwa ili uhitaji watu wachache. Sekta nzima ya ligniti Ujerumani ilikuwa na wafanyakazi wa moja kwa moja kama 20,000 sheria ya 2020 ilipopitishwa. Mashariki, baada ya muungano, zaidi ya 100,000 walipoteza kazi katika miaka michache, bila mpango, na miji kama Hoyerswerda ikakimbiwa na vijana wake. Anayemjali mchimbaji atamwandalia njia ya kutokea kabla shimo halijafungwa.

Sasa turudi nyumbani, maana hoja hii haisemwi kwa ajili ya Wajerumani. Huku hutajwa ili kutetea Bonde la Mui huko Kitui, ambako serikali ya Kenya ilisaini mkataba wa makaa na kampuni ya Kichina mwaka 2013, au kuufufua mradi wa kituo cha Lamu ambao baraza la mazingira la Kenya lilifuta leseni yake Juni 2019. Husemwa pia kwamba wao walitajirika kwa makaa, basi ni zamu yetu. Walitajirika kwayo, ndiyo, katika zama ambazo hakukuwa na jua la kununuliwa kwa paneli wala mvuke wa Olkaria uliopimwa na kuchimbwa. Kenya leo inapata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka kwenye mvuke huo, maji, upepo na jua. Tanzania imekamilisha bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, na bado zipo nyumba ambazo nguzo za umeme zimepita mlangoni bila waya kuingia ndani. Mwenye nyumba hiyo anahitaji transfoma, nyaya na bei ya kuunganishiwa anayoimudu. Mgodi hautamfikishia hivyo.

Mwenye kutaka kuchimba aje na majibu, na aje nayo yakiwa kwenye mkataba, si kwenye hotuba. Fedha za kulifunga shimo zitawekwa wapi tangu tani ya kwanza, ili kampuni ikifilisika au ikiuzwa zibaki? Nani atalipa pampu baada ya miaka thelathini? Makaburi ya watu wa Mui yatahamishiwa wapi, na nani amewauliza? Na lililo zito kuliko yote: Wajerumani wana Rhine, hata ukiwa umepungua, wa kujazia mashimo yao. Kitui ni nchi kavu ambako watu hufukua mchanga wa mito ya msimu ili wapate ndoo ya maji. Pampu zikishayavuta maji ya chini ya bonde lile kwa miongo miwili, visima vya mchanga vya wafugaji na wakulima walio nje ya mpaka wa leseni vitalishwa na nini? Wizara inayotaka kutoa leseni na ijibu swali hilo kwa maandishi, mbele ya wakazi wa bonde, kabla haijatutajia tena jina la Ujerumani.